Shajara ya mradi: Inakale isiyo na mteja

Mwanzo wa Mei

Mvua zimekwisha, na kwa mchoraji wa Lubumbashi hilo ndilo jambo la kwanza la kuandika, kwa sababu rangi ya mafuta inayokauka haraka wakati wa kiangazi huendelea kunata kwa muda mrefu katika unyevu wa Februari. Nimeamua kuutumia msimu huu wa ukavu, hadi joto la Septemba litakaporudi, kuchora picha moja ambayo hakuna mtu aliyeniagiza. Katika shajara hii nitaandika vifaa ninavyotumia, maamuzi ninayofanya na mahali kazi inapokwama. Nitaandika pia yanayonipata moyoni ninapokaa mbele ya kitambaa, kwa kuwa nashuku kwamba vikwazo vyangu vingi havitatoka kwenye rangi wala brashi.

Riziki yangu ni mabango. Nachora vichwa vilivyonyolewa kwenye mbao za vinyozi, kuku na samaki kwenye kuta za migahawa, na majina ya maduka pamoja na namba za simu za wenyewe. Sijawahi kuidharau kazi hiyo, na wanaoidharau kwa kawaida hawajajaribu kuandika herufi ya futi moja juu ya ukuta wa matofali usionyooka. Mteja hufika akijua anachotaka, hunitazama nikifanya, hunikosoa, halafu husema kwamba sasa imetosha, hulipa, nami naondoka. Kwa miaka yote hii neno hilo la kutosha limetoka kinywani mwa mtu mwingine.

Mada niliyoichagua ni Inakale. Wasomaji waliokulia Kongo hawahitaji kuelezwa, lakini kwa wengine nitasema kwamba ni aina ya picha iliyochorwa na mafundi wengi na kutundikwa katika sebule nyingi miaka ya 1970 na 1980, sawa na Mamba Muntu, yaani nguva, au Colonie Belge, yaani mfungwa akichapwa fimbo enzi za Wabelgiji. Mtu amepanda mti kumkimbia simba. Chini ya mti kuna maji, na ndani ya maji mamba amefungua kinywa. Mtu anainua macho kutafuta tawi la juu zaidi, na hapo anakuta nyoka. Kila fundi aliichora kwa mkono wake, lakini adui hao watatu walibaki palepale, na mwenye nyumba aliyeinunua alijua kabisa kwa nini aliitaka ukutani kwake.

Nimejiwekea masharti machache ili nisipotee njiani: upana wa sentimita 90 na urefu wa 60, rangi nilizo nazo tayari pamoja na kopo moja jipya la njano, na hakuna kuanza picha nyingine kabla hii haijakwisha.

Katikati ya Mei

Kitambaa kimenichukulia muda kuliko nilivyodhani. Mafundi wa zamani walitumia mifuko ya unga iliyofumwa kwa pamba, ambayo ilipatikana kwa bei ndogo na kushika rangi vizuri. Mifuko ya siku hizi ni ya plastiki, na rangi hubanduka juu yake kama ganda la kitunguu. Nilinunua pamba nyeupe nzito katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, nikaifua kwa maji ya moto ili isije ikajikunja baadaye, nikaivuta juu ya fremu ya mbao kwa misumari midogo, nikianzia katikati ya kila upande na kwenda pembeni, kwa maana anayeanzia pembeni hupata mikunjo isiyotoka. Tabaka la chini ni rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na gundi ya seremala. Lilipokauka nililisugua kwa msasa mwembamba, nikapaka la pili kwa kuelekeza brashi upande mwingine, nikasugua tena, hadi kitambaa kilipogongwa kwa kidole kikatoa mlio wa ngoma ndogo.

Kazi hiyo niliifanya kwa furaha na bila hofu yoyote. Nataka jambo hili libaki limeandikwa, kwa sababu linanisaidia kuelewa yanayofuata: mkono wangu hauogopi kazi ambayo kipimo chake kinajulikana. Ukigonga kitambaa, mlio wenyewe unakwambia kama kimekaza.

Nikiwa nasubiri tabaka likauke niliwafikiria waliotutangulia hapa mjini. Mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana iliyoitwa Le Hangar katika mji uliokuwa ukiitwa Élisabethville, akawapokea vijana ambao baadaye majina yao yalifika mbali: Pilipili Mulongoy na ndege na samaki wake, Mwenze Kibwanga na mistari yake mifupi iliyojaza picha nzima, Bela aliyepaka rangi kwa ncha za vidole. Miaka mitano baadaye, mwaka 1951, Laurent Moonens alianzisha hapahapa chuo cha sanaa. Watu hupenda kuzungumzia vipaji vya vijana wale, na ni kweli vilikuwepo, lakini mimi naona pia jambo la kawaida zaidi, ambalo halisifiwi: walikuwa na mahali pa kupeleka kazi asubuhi na mtu wa kuitazama.

Mwanzo wa Juni

Nimechora mistari ya penseli: mti, mto, simba. Tangu hapo kitambaa kimeegemea ukuta, nami nimepokea kazi za mabango kuliko wakati mwingine wowote mwaka huu. Nilikubali ubao wa kinyozi, kisha ukuta wa duka la vipuri, kisha kazi ya kuandika upya maandishi yaliyofifia kwenye lango la shule, ambayo malipo yake ni madogo na ambayo kwa kawaida ningemwachia kijana anayejifunza. Kila kazi ilikuwa na sababu yake nzuri. Ukizijumlisha, zinafanana sana na mtu anayekimbia.

Baridi ya asubuhi ni sababu nyingine niliyoitumia, na vumbi pia, pamoja na moshi wa nyasi zinazochomwa pembezoni mwa mji, kwa kuwa ni kweli kwamba chembe zake hutua juu ya rangi mbichi na kubaki humo. Lakini ubao wa kinyozi niliupaka nje, katika vumbi hilohilo, na sikulalamika.

Basi nimejaribu kuitazama hofu yenyewe kwa utulivu, kama ninavyoutazama ukuta kabla ya kuupaka. Mahubiri na hotuba za kuhamasisha ambazo vipaza sauti hutuletea mtaani kwetu Katuba kila mwisho wa juma hutuagiza tuishinde hofu kwanza, ndipo tutende. Mimi naona mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu, na unawafanya watu waaminifu wasubiri siku ya ushujaa ambayo haina tarehe. Isitoshe, hofu yangu haifanani na ile wanayoieleza. Kushindwa ninakujua, nimewahi kupakwa chokaa juu ya kazi yangu na mteja aliyebadili nia, na usiku ule nililala vizuri. Ninachokiogopa mbele ya kitambaa hiki ni kwamba hakuna mtu aliyesimama upande wa pili. Naweza kumchora simba mara mia na kila mara nikaona angeweza kuwa bora, na hakuna atakayenizuia.

Huenda jambo hili lina mizizi katika malezi. Nimekulia katika nyumba ya mfanyakazi wa mgodi, na katika nyumba za namna hiyo siku iligawanywa na king'ora cha kiwanda. Mji wenyewe ulizaliwa hivyo, kwani ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na tanuru lake likaanza kuiyeyusha mwaka 1911. King'ora kilimwambia baba aamke, kikamwambia zamu imekwisha, na sisi watoto tukajua kwa sauti hiyohiyo kwamba sasa chakula kitapakuliwa. Baba alikuwa fundi hodari, mwenye mikono ambayo ningeitamani, lakini kazi ilipokoma na king'ora kikakoma pamoja nayo, alikaa miaka mingi uani akiwa na vifaa vyake vyote katika sanduku. Majirani walisema amekata tamaa. Mimi nadhani alikuwa akisubiri kuambiwa aanze.

Katikati ya Juni

Nimekuwa nikimwaza Tshibumba Kanda Matulu, kwa kuwa hakuna mchoraji wa mkoa huu aliyekuwa na azma kubwa kumzidi. Alizaliwa mwaka 1947, akaishi kwa kuuza picha kwa bei ndogo kwa watu wa miji ya migodi, na kwa ajili hiyo alichora mada zilezile zilizopendwa, tena na tena. Hata hivyo alijiona kuwa mwanahistoria. Alipokutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu hapa Lubumbashi, na kuhakikishiwa kwamba picha zake zitanunuliwa, alichora katika miaka ya 1973 na 1974 historia nzima ya nchi, picha 101 katika mfululizo mmoja, akieleza kila moja kwa Kiswahili chetu cha huku. Alianzia kabla ya ukoloni, akafika kwenye siku zake mwenyewe, kisha akavuka akachora wakati ujao ambao hakuna aliyeuona. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zilikatika, na picha hizo leo zimehifadhiwa Amsterdam.

Kuna wanaoisoma habari hii kama hadithi ya mtu wa pekee aliyefunguliwa mlango na mgeni. Kwangu mimi kilicho kizito zaidi ni kwamba mpango ule mkubwa kiasi kile ulihitaji mtu mmoja wa kuuliza, baada ya kila picha, kilichofuata ni nini. Fabian hakumpa mada wala hakumwekea mpaka. Alimpa sikio, na fedha za kununulia rangi. Ushujaa wa Tshibumba ulikuwepo tangu zamani, ukifanya kazi ya kuchora Colonie Belge kwa ajili ya sebule za watu.

Kutokana na hayo nimebadili jambo moja tu katika utaratibu wangu: nimehamisha kitambaa kutoka chumbani hadi barazani, mahali ambapo mtu yeyote anayepita kuchota maji atakiona.

Mwisho wa Juni

Barazani hapana faragha, na kazi imeanza kusonga. Simba amepata mwili wa rangi ya udongo wa njia za Katuba, ambao niliupata kwa kuchanganya nyekundu, njano na tone la nyeusi, halafu kuipaka nyepesi kwa tapentaini ili weupe wa chini uonekane kwenye mgongo. Maji ya mto nimeyafanya ya kijani kizito kinachokaribia malakiti, jiwe ambalo mafundi wa hapa hulichonga na kulisugua hadi ling'ae, kwa sababu nilitaka mamba atoke katika kitu ambacho watu wa hapa wanakipenda.

Kwa siku kadhaa niliwaza kuwabadilisha adui wote watatu: simba awe mwenye nyumba anayedai kodi, mamba awe bili ya hospitali, nyoka awe ndugu anayesengenya. Nilichora mchoro mdogo kwenye karatasi na kuwaonyesha watoto wa jirani. Waliutazama kwa adabu, kisha mmoja akauliza Inakale yenyewe iko wapi. Niliona wana haki. Picha ya simba humwachia kila mtazamaji nafasi ya kumweka simba wake mwenyewe. Ukishaandika kodi ya nyumba, aliyejenga nyumba yake hana la kuogopa na anaondoka. Ubunifu ndani ya mada ya zamani una mpaka wake: unaweza kugusa mengi, lakini kuna nguzo ambazo ukiziondoa watu hawakutambui tena, na hizo hujulikana kwa kuwauliza wanaozitazama.

Mabadiliko yaliyobaki yalikuja kutoka kwa Mama jirani, mjane mwenye umri, ambaye hupita barazani kwangu kila asubuhi na ndoo. Alisimama, akaweka ndoo chini, akauliza, “Mwanangu, picha hii ni ya nani?” Nikamjibu, “Si ya mtu, Mama.” Akasema, “Basi ndiyo maana huyu maskini yuko peke yake.” Akabeba ndoo akaenda zake, akiwa ametupa maneno yake bila uzito wowote, lakini mimi sikufanya kazi nyingine mchana ule. Katika Inakale zote ninazozikumbuka, mtu wa mtini huwa mmoja.

Julai

Sasa wako wawili. Uamuzi ulikuwa rahisi, utekelezaji ulikuwa mgumu sana, na mwezi mzima umeishia hapo. Tawi lililotosha kwa mtu mmoja halikuonekana kuwa na nguvu ya kubeba wawili, kwa hiyo nililinenepesha, na lilipokuwa nene likaonekana imara mno, hatari ikapungua, picha ikalegea. Nililirudisha kuwa jembamba na kulipinda, likielekea majini zaidi, ili uzito wa watu wawili usomeke katika tawi lenyewe. Mtu wa pili ameongeza kampuni na ameongeza hatari kwa wakati mmoja, jambo ambalo yeyote aliyewahi kufanya kazi na mwenzake atalielewa bila maelezo.

Nyoka naye alilazimika kuhama. Mahali alipokuwa, juu upande wa kulia, sasa pana kichwa cha mtu. Nilimfuta kwa rangi nyeupe ya chini, lakini kijani chake kilipenya, hata baada ya tabaka kukauka, na kila nilipopaka anga juu yake mstari uleule ulirudi kama mshipa chini ya ngozi. Nilimpaka mara nyingine, kisha nikaamua kuuacha. Nyoka mpya yuko upande wa kushoto, akiwa amejizungusha kwenye shina, na kivuli cha yule wa kwanza kimebaki angani, atakayekiona atakiona. Kinyozi mwenye duka la pembeni alikigundua mara moja, akaniambia, “Dada, hapa alipita mwingine.” Sikumweleza.

Tatizo lililonishughulisha zaidi lilikuwa macho. Katika picha za kawaida mtu wa mtini hutazama chini, au juu, au hututazama sisi akiomba msaada. Nimewachora hawa wawili wakitazamana, mdomo wa mmoja ukiwa wazi kidogo kama aliye katikati ya sentensi, na mkono wa mwingine umeinuliwa kwa namna ambayo watu wa mji huu huinua mkono wanapokataa jambo kwa heshima. Mkono huo niliuchora nikitazama wa kwangu mwenyewe, nikianza na kivuli cha kahawia iliyoiva katikati ya vidole, kisha nikapandisha nuru kwenye vifundo kwa njano iliyopaushwa. Kidole gumba kilinisumbua hadi nilipokumbuka kwamba mtu anayebishana hakikazi. Baada ya hapo ulikuwa mkono wa mtu anayesema.

Umeme ulikuwa ukikatika jioni, basi nilifanya kazi kwa nuru ya mchana peke yake, na naona ilinifaa, kwa sababu jioni ndiyo saa yangu ya kuharibu kwa kurekebisha.

Agosti

Wapitaji wameacha kuniuliza ninatumia rangi gani, na wameanza kubishana juu ya wanachosema watu wale wawili. Fundi baiskeli anashikilia kwamba mmoja anamlaumu mwenzake kwa kumleta porini. Mama jirani anasema wanagawana zamu ya kulala. Mwanafunzi mmoja wa sekondari, ambaye naona atafika mbali, alidai kwamba wanajadili nani aruke kwanza ili simba ashughulike naye na mwingine apone, na wenzake wakamkasirikia kana kwamba alitoa pendekezo hilo kwao. Mimi sijui jibu, na nikiulizwa husema hivyo.

Nilipoyasikia mabishano hayo niliona kwamba sina sababu ya kuendelea kumsugua simba. Kipimo nilichokuwa nikikitafuta kilikuja bila mteja na bila king'ora: watu walipoanza kuzungumza na waliomo ndani ya picha na kunisahau mimi, kazi yangu juu ya kitambaa hicho ilikuwa imetosha. Niliweka jina langu chini upande wa kulia kwa herufi ndogo, nikapaka vanishi. Jicho la mamba bado ni dhaifu, na litabaki dhaifu.

Kuhusu azma sitajifanya mnyenyekevu. Tangu mwaka 2008 mji huu una biennale yake, yaani maonyesho ya sanaa ya kila baada ya miaka miwili, iliyoanzishwa na watu wa hapahapa, akiwemo mpiga picha Sammy Baloji na mwandishi Patrick Mudekereza, nami nataka siku moja picha zangu zitundikwe huko, chini ya taa nzuri, mbele ya watu wasionijua. Zamani nilikuwa nikiificha haja hiyo hata mbele yangu mwenyewe, nikidhani kwamba anayetamani ukuta mkubwa analazimika kwanza kuudharau ubao wa kinyozi. Msimu huu umenionyesha kwamba mkono ni uleule, na kwamba barazani kwangu kumekuwa na watazamaji wakali ambao kumbi nyingi zingewaonea wivu. Kama nimekua, nimekua hapo tu: naweza sasa kusema ninachokitaka kwa sauti ya kawaida, kisha nikarudi kuandika namba ya simu ya mtu kwenye ukuta bila kuona nimeshushwa.

Kinyozi ameomba Inakale itundikwe dukani kwake hadi mvua zianze. Ameahidi kuiweka mbali na dirisha, na ameniuliza bei. Nimemtajia bei ya juu kuliko ubao wowote niliomfanyia. Akacheka, akasema atafikiri, na sijui kama alikuwa akitania. Kwa sasa nimekata pamba iliyobaki kwa kipimo kilekile na kupaka tabaka la kwanza. Itakuwa Colonie Belge: askari, fimbo, mfungwa aliyelazwa kifudifudi, wanawake waliobeba vyakula nje ya ua. Kabla ya kugusa penseli nitamuuliza Mama jirani ni nani katika picha ile ambaye hajawahi kugeuzwa uso kumtazama mfungwa.